Volti 24 Chini ya Mlima Meru: Lori la Jeshi, Alternata na Gereji za Arusha

Historia ya mji wa Arusha imezoeleka kuandikwa kupitia boma la Wajerumani, mashamba ya kahawa, Azimio la mwaka 1967 na biashara ya utalii, ilhali gereji, ambako sehemu kubwa ya riziki ya mji huu imekuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa spana, imeachwa kando kana kwamba haina historia. Makala haya yanafuata kifaa kimoja tu kilichopita katika gereji hizo, nacho ni alternata ya lori kuukuu la jeshi, yaani mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili izalishe umeme wa kuchaji betri na kuwasha taa. Kazi ya kuibadilisha ilikuwa ngumu kwa jinsi lori lilivyoundwa, na baadaye ikawa nyepesi mikononi mwa mafundi wa kata za kusini mwa jiji, kama Sokon I na Unga Limited. Wepesi huo haukuja kwa sababu kifaa kipya kilikuwa bora kuliko cha zamani. Ulikuja kwa sababu lori lilitolewa katika ukoo wake wa kijeshi na kuingizwa katika ukoo wa mabasi na malori ya mizigo, ambayo vipuri vyake vilikuwa tayari vimejaa madukani.

Malori ya kijeshi yaliyoonekana kwa wingi chini ya Mlima Meru kabla ya uhuru yalikuwa zaidi wapita njia. Mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika Mashariki kwa mapambano dhidi ya Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia, misafara ya magari ya jeshi la Afrika Kusini ilipanda kutoka Rhodesia ya Kaskazini kuelekea Nairobi kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo wenyeji wa Arusha hupenda kusema kuwa katikati ya urefu wake kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo ni kwenye Mnara wa Saa wa mji wao. Vita vilipokwisha, magari ya ziada ya majeshi yaliuzwa kwa raia na kwa miradi ya serikali, na mradi uliojulikana kuliko yote ni ule wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao ulitegemea kwa kiasi kikubwa mitambo iliyobaki vitani, vikiwemo hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mradi ulishindwa kutoa karanga, lakini ulizalisha madereva na makenika wa Kiafrika. Magari ya wakati huo yalikuwa na umeme mdogo: Jeep ya Willys, kwa mfano, ilitumia volti 6 na dinamo ambayo fundi yeyote mwenye bisibisi na msasa aliweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kabla ya jua kuzama.

Baada ya uhuru lori la jeshi lilipata makazi ya kudumu mkoani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963 na baadaye likawa na kambi Oljoro, nje kidogo ya Arusha. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba 1964, kufuatia maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Na katika miaka ya 1970 chuo cha maafisa wa jeshi kikahamia Monduli. Jambo lililo muhimu kwa historia ya gereji ni kwamba jeshi hilo jipya halikununua magari kwa mwuzaji mmoja. Lilirithi vitu vya Waingereza, likapata washauri kutoka Kanada kati ya mwaka 1965 na 1970, likapokea silaha na mafunzo kutoka China, na baadaye zana kutoka Umoja wa Kisovieti. Sera ya kutofungamana na upande wowote, ambayo katika siasa ilikuwa na heshima yake, kwa mtunza stoo ya vipuri ilimaanisha nyuzi za bolti za aina tatu na alternata zisizoweza kuazimana hata puli.

Vita vya Kagera viliuvunja kabisa ukuta uliokuwa kati ya lori la jeshi na lori la raia. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Serikali ilikusanya malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi kutoka mikoani ili yapeleke askari na mahitaji Kagera, umbali ambao barabara za wakati huo ziliufanya kuwa adhabu kwa mashine yoyote. Na hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, magari ya kiraia yalikuwa yamefanya kazi ya kijeshi kwa miezi. Baada ya vita mkondo ukageuka. Magari ya jeshi yaliyochakaa, pamoja na mengine ya Serikali, yaliuzwa kidogo kidogo kwa mnada, na wanunuzi wake walikuwa watu wenye kazi nzito na fedha kidogo: wachukuzi wa mawe, mchanga na kuni, wauza maji, wenye kazi ya kuvuta magari yaliyoharibika, na baadaye wenye kambi za watalii waliohitaji lori la kufika mahali ambapo lori la kawaida lingekwama matopeni.

Ili ieleweke kwa nini wanunuzi hao walipata taabu ya umeme kabla ya taabu nyingine, ni lazima kueleza mabadiliko mawili yaliyotokea viwandani. La kwanza ni kuhama kutoka dinamo kwenda alternata. Dinamo huzalisha umeme katika koili zinazozunguka na kuutoa kwa kaboni zinazogusa pete iliyokatwa vipande, hivyo haiwezi kuzungushwa kasi sana bila kuharibika, na injini ikiwa inaunguruma polepole huwa haichaji karibu kitu. Katika alternata mambo yamepinduliwa: kinachozunguka ni sumaku ya umeme, iitwayo rota, na umeme unazaliwa katika koili zilizotulia kuizunguka, ukiwa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kisha hunyooshwa na diodi, ambazo ni vali ndogo za silikoni zinazoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Ni diodi hizo, zilipopatikana kwa bei nafuu, zilizoiwezesha Chrysler ya Marekani kuweka alternata katika gari la kawaida mwaka 1960. Na Land Rover, gari lililokuwa likijulikana hadi kwenye maboma ya Wamasai, ilibadili dinamo kwa alternata ilipotoa toleo lake la tatu mwaka 1971.

Badiliko la pili ni la volti. Baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi ya nchi za Magharibi yalichagua volti 24 kuwa kipimo cha magari yao ya vita, kwa sababu kwa kazi ileile volti zikiongezeka mara mbili mkondo unapungua nusu, waya unaweza kuwa mwembamba, na stata, yaani mota ya kuwashia injini, inapata nguvu ya kuamsha injini kubwa ya dizeli asubuhi ya baridi. Tena gari la jeshi lilikuwa na mzigo ambao gari la raia halikuwa nao, nao ni redio ya mawasiliano, iliyotakiwa kusikika saa zote hata gari likiwa limesimama. Kwa sababu hiyo Land Rover za Waingereza zilizoandaliwa kwa redio zilikuwa na mtambo wa volti 24 uliotoa hadi ampea 90, wakati Land Rover ya mkulima ilikuwa na volti 12 na sehemu ndogo tu ya mkondo huo.

Hapo ndipo ugumu ulipozaliwa. Mhandisi wa jeshi aliyechora mtambo huo alikuwa akiwaza maji ya mto, matope na mwingiliano wa redio, wala hakuwa na sababu ya kumfikiria fundi asiye na stoo ya jeshi nyuma yake. Alternata ilifunikwa isipenywe na maji. Reguleta, kifaa kinachopima volti na kuzuia betri zisichajiwe kupita kiasi, iliwekwa mbali nayo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa mpira. Na kati ya viwili hivyo ukapita mkonga mnene wa nyaya nyingi, uliovikwa msuko wa chuma ili kelele za umeme zisiingie redioni na kuishia kwa plagi ya pini nyingi inayokazwa kwa pete yenye nyuzi. Kila kimoja kilikuwa kazi nzuri. Lakini pini moja ya plagi hiyo ikiliwa na kutu, fundi wa Arusha alikuwa hana duka la kununua plagi nyingine, na ubovu wa shilingi chache uliweza kulisimamisha lori la tani nne kwa msimu mzima wa mvua. Zaidi ya hayo, katika malori mengi alternata ilikaa chini kando ya injini, na bolti yake ndefu ya kuning'inizia ikawa inachomolewa kuelekea rejeta, kwa hiyo mtu hakuweza kuitoa kabla ya kuondoa kizuizi cha feni, na wakati mwingine feni yenyewe.

Haiwezekani kutaja ugumu huo bila kutaja uhaba, kwa kuwa ndio uliowasomesha mafundi. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha penyewe, ilivunjika, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mji ambao kwa miaka mingi ulitazama Nairobi kwa mahitaji yake, na ambao mafundi wake walizijua barabara za vipuri kama Kirinyaga, iliyoitwa Grogan enzi za ukoloni, kufungwa huko kulikuwa pigo lililokuja pamoja na gharama za vita, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni. Kipuri kilichopita mpakani Namanga kilipita kwa magendo. Mwaka 1983 Serikali, Edward Sokoine wa Monduli akiwa Waziri Mkuu, iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na katika hali hiyo hata rundo la beringi ndani ya nyumba lilihitaji maelezo.

Katika miaka hiyo alternata haikubadilishwa, ilifufuliwa. Fundi alichukua kaboni kubwa ya stata au ya mota ya kiwandani na kuisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka iingie katika kishikio cha kaboni ndogo. Alikata diodi iliyoungua na kuchomeka nyingine ya alternata tofauti maadamu uwezo wake ulitosha. Na koili iliyoungua ilipelekwa kwa msukaji, yaani fundi anayefumua waya wa shaba uliokufa, akihesabu mizunguko yake, na kuusuka upya kwa waya mpya au uliookolewa kutoka mota nyingine. Ulikuwa ustadi wa hali ya juu, ingawa ni rahisi leo kuupamba kupita kiasi na kusahau kwamba mwenye lori alikuwa akisubiri kwa majuma, na kwamba kazi iliyosukwa kwa varnishi isiyofaa iliungua tena katika safari ya pili.

Ahueni ilianza mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zimetoka wapi, ikafuatiwa mwaka 1986 na mpango wa kufufua uchumi uliolegeza biashara ya nje. Baadaye yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, na pamoja nayo makontena ya injini na vipuri vilivyotumika. Kwa mwenye lori la jeshi jambo moja lilikuwa la bahati: malori na mabasi ya kibiashara ya Kijapani na ya Ulaya, kama Fuso, Isuzu na Scania, nayo hutumia volti 24. Volti zile zilizolitenga lori la jeshi na Land Rover ya mkulima sasa ziliziweka alternata zinazoweza kulifaa katika kila duka linalouza vipuri vya mabasi. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, na baadaye vituo vya ufundi stadi vya VETA, vilitoa vijana waliojua kusoma mchoro wa umeme. Lakini ugeuzaji wenyewe ulikuwa kazi ya gereji za mitaani, zikiwemo zile ziitwazo gereji bubu, yaani zisizo na kibao wala leseni, ambazo huwa ni uwanja, mti wa kivuli, jeki na mashine ya kuchomelea.

Kazi inayofanywa huko ina hatua zinazostahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake ndimo wepesi ulimo. Mtambo wa zamani hutolewa wote, alternata, mkonga na kisanduku cha reguleta, kwa kuwa kuacha nusu yake ni kujitafutia ubovu usioonekana. Alternata ya basi au ya Fuso inayochaguliwa ni ile yenye reguleta ndani yake, ili waya zinazohitajika zibaki tatu: mnene unaokwenda kwenye betri, mwembamba wa taa ya dashibodi, na wa mwili wa gari. Mara nyingi alternata ya Kijapani huja ikiwa na pampu ndogo ya kunyonya hewa mgongoni, iliyokusudiwa kusaidia breki na inayolainishwa kwa oili ya injini. Lori la jeshi lenye breki za upepo halina haja nayo, hivyo pampu hung'olewa na ekseli yake kuzibwa, au hutafutwa alternata isiyo nayo.

Kisha huja breketi, ambayo ndiyo roho ya kazi. Fundi hukata bamba nene la chuma, aghalabu kutoka kwenye chesisi iliyokufa, na kutengeneza masikio mawili ya kushika bolti ya kuning'inizia, akiyapanga ili bolti ichomoke kuelekea nje ya injini badala ya kuelekea rejeta. Na pale nafasi inaporuhusu huihamisha alternata kutoka chini kwenda juu, ambako mkono na spana vinafika bila mtu kulala chini ya lori. Badiliko hilo dogo la upande wa bolti ndilo lililofupisha kazi ya siku nzima kuwa ya chini ya saa moja. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, breketi hushikizwa kwa vidonda vichache vya moto, na uzi au rula iliyonyooka hulazwa juu ya puli ya injini na ya alternata, kwa sababu zikipishana hata kwa milimita chache mkanda hulia, hukatika nyuzi za pembeni na hatimaye huruka. Ukubwa wa puli nao huangaliwa: dizeli ya jeshi huzunguka polepole, kwa hiyo puli kubwa mno juu ya alternata huifanya isichaji lori likiwa foleni.

Taa ya dashibodi huonekana kitu kidogo, kumbe katika alternata nyingi ndiyo inayopeleka mkondo wa kwanza wa kuiamsha rota. Balbu ya volti 12 ikiwekwa kwenye mtambo wa volti 24 huungua siku ileile. Ikishaungua, dereva haoni onyo lolote, na alternata nzima kabisa huweza kukaa bila kuchaji mpaka injini ipandishwe kasi sana. Si ajabu alternata zisizo na kosa zikalaumiwa kwa kosa la balbu.

Makosa mengine mawili yamekuwa ya kudumu. Arusha ni mji wa kuchomelea, kwani hapo ndipo chesisi za magari ya watalii hukatwa na kurefushwa ili kuongeza safu za viti, na mkondo wa mashine ya kuchomelea unaopita katika mwili wa gari ambalo betri na alternata hazijatenganishwa huua diodi zote kwa mpigo. Kosa la pili ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizounganishwa, ili kuendesha redio ya muziki au friji ya kambi. Alternata huchaji jozi nzima kana kwamba betri zote zimechoka sawa, hivyo ile iliyonyonywa hubaki na njaa na mwenzake huchemka maji. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti, ambacho kwa bei ni rahisi kuliko betri moja.

Si malori yote yaliyohitaji kupitia haya. Bedford MK, lililoingia katika jeshi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambalo baada ya kustaafu lilipendwa na kampuni za Uingereza zilizosafirisha vijana wa Kizungu kuvuka Afrika, lilitokana na Bedford TK ya kiraia, hivyo injini yake haikuwa ngeni kwa fundi aliyezoea malori ya mizigo. Mfano huo unaunga mkono hoja ya makala haya kuliko mwingine wowote: lori la jeshi lililozaliwa na jamaa za kiraia halikuhitaji kutafutiwa jamaa wapya.

Gharama ya ugeuzaji nayo haipaswi kufichwa. Udongo wa chini ya Meru ni majivu ya volkano, laini kiasi cha kuelea hewani, na alternata ya basi, ambayo hujipoza kwa kuvuta hewa ya nje kupitia matundu yake, huvuta pia vumbi hilo, likala kaboni na pete na kukausha grisi ya beringi. Ile ya jeshi, iliyofungwa kila upande, ingestahimili vumbi la barabara ya Engare Nanyuki kwa muda mrefu zaidi. Wenye malori waliujua upungufu huo na wakaukubali, kwa sababu alternata ya kudumu isiyopatikana ilikuwa na faida ndogo kwao kuliko ya muda inayouzwa hatua chache kutoka gereji, na hesabu hiyo ni vigumu kuipinga.

Aliyepoteza zaidi katika mabadiliko haya ni msukaji wa koili. Alternata inayotoka kwa bolti mbili na waya tatu haina sababu ya kusubiri majuma kwenye meza yake. Hutolewa, hutupwa kwenye rundo la chuma chakavu, na nyingine huwekwa kabla dereva hajamaliza chai. Shaba iliyomo ndani yake sasa hupimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu, na msukaji aliyebaki na kazi hutegemea zaidi mota za pampu za maji na mashine za kusaga, ambazo bado hazijapata kipuri cha kuchukuliwa dukani kwa haraka namna hiyo.